Kiti kilichotobolewa, gagulo la marekani na somo wangu

Kitu cha kwanza tulichonunua baada ya kupangiwa upasuaji kilikuwa kiti cha plastiki, vile vyeupe vya kukodi kwenye shughuli, vyenye mikono. Mume wangu akakipeleka kwa seremala wa mtaani akitoboe tundu pale pa kukalia na asugue kingo kwa msasa zisikwaruze. Seremala akauliza mgonjwa ni nani. Mume wangu akajibu, mama yangu mzazi. Mama mkwe yuko kaburini miaka mingi, Mungu amrehemu, lakini sikumlaumu. Ugonjwa wenyewe hausemeki kwenye benchi la seremala.

Ni saratani ya uke, lakini ile ya sehemu ya nje, kwenye mashavu. Watu wakisikia "saratani ya huko chini" mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye shingo ya kizazi, kwa sababu hiyo ndiyo inayotangazwa redioni na ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Yangu ilikuwa nje kabisa, shavu la kushoto karibu na juu, pahala ambapo yeyote angeiona kama angetazama. Hakuna aliyetazama. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nawashwa mpaka usingizi unakatika, ngozi imekuwa nyeupe na nyembamba, ikichanika nikijikuna. Kila nikienda kwenye kituo kimoja (nakiacha bila jina) napewa dawa ya fangasi nikiwa nimekaa zangu kwenye kiti na baibui langu. Panda kitandani nikuone, hakuna. Kidonda kilipoanza kutoa damu nikaenda kwingine, na muuguzi wa kliniki ya akina mama akanilaza, akavuta taa, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kumwita daktari. Wakakata kinyama kikapelekwa maabara, nikapewa rufaa ya Dar.

Daktari wa Dar alinieleza kwamba saratani hii huja kwa njia mbili kubwa. Kuna inayoletwa na virusi vya HPV, na hiyo huwapata zaidi wenye umri mdogo kuliko mimi, hasa wanaoishi na VVU. Halafu kuna inayotokana na ugonjwa wa ngozi wa siku nyingi uitwao laikeni sklerosasi, ule weupe na muwasho, ambao huwaandama zaidi sisi tuliokwisha kukoma hedhi. Mimi ni wa kundi la pili. Mjukuu wangu amechanjwa HPV shuleni. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama una binti wa umri huo na bado unasikiliza maneno ya vijiweni kuhusu chanjo, mimi sina la kukubembeleza, nimekuonyesha kiti changu.

Sasa maandalizi. Watu huniuliza vipimo, na vipimo ni vya kawaida: wingi wa damu, sukari, presha, VVU, figo, picha ya CT ya tumbo na nyonga kuona kama ugonjwa umetembea. Ndugu wawili watatu wakachangie damu. Hayo hospitali watakwambia, na usipoyafanya watakurudisha. Ambalo hawakwambii ni kwamba lazima ujue mapema nani atakuosha.

Binti yangu alisema atachukua likizo. Nikakataa. Kwetu Tanga mama hamvulii nguo binti yake akiwa na akili zake timamu. Mume ni mume, ana kazi yake ya kufanya katika habari hii na aliifanya, lakini sikutaka awe yeye wa kumwagia maji kidonda. Nikampigia somo wangu. Kwa msiokulia pwani: somo ndiye kungwi wako, aliyekufunda ulipovunja ungo, akakuonyesha kufunga sodo, akakufikisha chumbani usiku wa harusi. Hakuna kitu cha mwili wako ambacho hajakiona au hajakitaja kwa jina.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwari wangu. Sauti hiyo si ya salamu."

Nikamwambia yote. Akakaa kimya kidogo, nikasikia anamfukuza kuku. Kisha akauliza, "Huko Dar nitalala chumba gani?"

Basi, jambo lile likawa limekwisha. Ana miaka sabini na ushei, goti moja bovu, na alipanda basi pamoja nasi na kiti chetu kimefungwa nyuma kwenye mizigo. Utingo akaniuliza mama hiki kimeharibika mnakipeleka wapi. Somo akamjibu kwamba hivyo ndivyo vinavyouzwa siku hizi, vina dirisha la hewa.

Kabla ya kulazwa tulikaa na daktari wa upasuaji, mimi, mume wangu na somo. Kijana, umri wa mwanangu wa pili. Nilikwenda na maswali yameandikwa nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, na nawashauri mfanye hivyo, maana ukifika mezani kichwa kinakuwa cheupe. Nini kinakatwa? Kinembe kinabaki? Njia ya mkojo? Nitakaa lini? Akageuza karatasi akachora. Mimi ni fundi cherehani, mchoro naujua. Zamani, akasema, walikuwa wanakata pande moja kubwa lenye umbo la kipepeo, kuanzia nena hili hadi lile pamoja na mashavu yote, na vidonda vilikuwa havifungi. Siku hizi wanakata pande tatu mbalimbali: moja ya uvimbe wenyewe na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, na mbili ndogo kwenye manena kutoa tezi, zile ambazo zikivimba tunaita mitoki. Tezi ndiko saratani hii hupita kwanza. Kwa kuwa uvimbe wangu ulikuwa karibu na katikati, angetoa za pande zote mbili. Kuhusu kinembe alisema hawezi kuahidi. Ukingo wa nyama nzima ukiwa hautoshi, nacho kitakwenda. Mume wangu alikuwa anatazama dari. Somo akasema, "Toa kinachomuua mwari wangu, mengine tutajua wenyewe." Kikaenda kweli.

Kitu kingine: msinyoe. Sisi kunyoa ni sunna na somo alikwisha nunua nyembe mpya. Muuguzi akatuzuia, kwa sababu mikwaruzo midogo ya wembe inafungulia vijidudu mlango kabla ya kisu chenyewe. Nywele wanazipunguza wenyewe kwa mashine siku ya upasuaji. Na kama unavuta sigara, acha kuanzia siku unayopewa tarehe, kidonda cha mvutaji hakifungi upesi.

Nikashona vitu vyangu. Vifuko viwili vya kitambaa vyenye kamba ndefu ya kuvaa shingoni, kwa ajili ya chupa za mipira ya kutolea majimaji. Nilikuwa nimewaona wagonjwa wodini wakitembea wameshika chupa mkononi kama wanakwenda dukani kununua mafuta. Kanga za zamani tukazifua na kuzipiga pasi, rangi ya mwanga ili uchafu ukitoka uonekane. Gagulo, ile sketi ya ndani, nitalieleza mwishoni maana lina maelezo yake.

Siku yenyewe sina mengi. Ganzi ya mgongoni, baridi ya chumba, mtu anazungumzia mechi ya Simba. Nilipojitambua sawasawa nilikuwa wodini na mpira wa mkojo, mipira miwili ya manenani, na somo anasoma uradi. Kesho yake wakanisimamisha. Nililalamika, nao wakaendelea kunisimamisha. Kulala tu kunagandisha damu miguuni, na ndiyo maana pia walikuwa wakinichoma sindano ya tumboni kila siku.

Kutoka hospitali si kurudi nyumbani. Tanga ni kilomita 350 hivi na basi ni kukaa, na kukaa ndicho kitu ambacho huna ruhusa nacho. Tukafikia kwa wifi yangu Mbagala, hukohuko Dar, na huko tukakaa wiki nyingi kuliko tulivyomwambia. Namshukuru kwa moyo wote, pamoja na vita vya siku ya kwanza. Nimeingia tu, sufuria la maji ya mwarobaini liko jikoni linachemka, chetezo kimetiwa makaa, nguo ya kukandia imeandaliwa. Wifi alitaka kunikanda na kunifukiza kama mzazi. Somo wangu amekanda wazazi kwa miaka, angekuwa yeye wa kwanza kushika nguo ile, lakini alikuwa amemuuliza muuguzi kila kitu kabla hatujatoka wodini. Akasimama mlangoni: "Huyu hakuzaa, huyu kakatwa. Maji ya moto utamchubua, ukimkanda manena utamfumua, na moshi hautaki."

Kwa hiyo ikawa hivi, kila asubuhi, kila jioni na kila nikitoka chooni. Maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka vuguvugu, chumvi kidogo, yanamwagwa kwa kopo taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Hakuna sabuni ya manukato, hakuna dettol, hakuna dawa ya miti. Halafu kukausha, na hapa ndipo kazi ilipo, maana kidonda cha pale hakina hewa. Unagusagusa kwa kitambaa laini, husugui, kisha unalala chali magoti yamepanuka na feni ya kusimama inakupulizia. Umeme ukikatika, Mbagala haukosi kukatika, somo alinipepea kwa kipepeo cha mkaa, kipya, huku akinisimulia kesi za ndoa za miaka ya sabini zenye majina kamili ya wahusika. Nilimwomba asinichekeshe. Kucheka kulikuwa kunauma kuliko kukohoa.

Choo cha wifi ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo kile kiti kikafanya kazi yake. Mkojo baada ya mpira kutolewa haukuja kwa mstari. Ulitawanyika mapajani kila upande, kwa sababu nyama zilizokuwa zikiuelekeza hazipo. Kwa hilo somo alinunua faneli, ile ya kumiminia mafuta ya taa. Unaishika chini yako, mkojo unakwenda unakotakiwa, na kidonda hakilowi. Haja kubwa usiisukume kwa nguvu. Papai, maji mengi, na dawa ya kulainisha choo uliyopewa uinywe hata kama unaona aibu kuitaja.

Halafu mshono ukaachia. Ilikuwa usiku. Nilihisi unyevu ambao haukuwa wa kawaida na harufu. Tangu upasuaji mimi nilikuwa sijajitazama, nilikuwa nimemwachia somo macho yote. Akavaa miwani yake ya kusomea msahafu, akashika simu tochi imewashwa, akapiga goti lake zima chini, lile bovu akalinyoosha pembeni, na akaanza kuniambia anachokiona. "Kulia kumefunga, kuzuri. Manena yote mawili yamefunga. Kushoto chini pameachana, urefu wa kidole changu hiki kidogo. Ndani ni pekundu kama nyama ya buchani, si peusi. Kuna unjano pembezoni." Akanyamaza. "Mwari wangu, nipe kioo chako." Nikamwambia sitaki. Akasema, "Kesho daktari atakuuliza kimekaaje, utamwambia akamwulize bibi?" Nikatazama. Sikulia wakati ule. Nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba aliyeshona ameshona vizuri sana, hatua ndogo ndogo za usawa, kosa halikuwa lake. Ngozi imekatwa sehemu kubwa na kingo zimevutwa zikutane. Mvuto ukizidi, uzi hausaidii.

Hospitali hawakushtuka. Kuachia kwa mshono wa saratani hii ni kitu wanachokiona mara kwa mara, kwa sababu pahala penyewe ni pa unyevu, pa mkunjo, na panavutwa ukitembea. Hawakushona tena. Walisafisha, wakaweka kitambaa cha gozi, wakanipa dawa ya vijidudu, na kidonda kikaachwa kijae chenyewe kutoka chini kuja juu. Kilichukua muda mrefu sana, na nilikula mayai, maharage na samaki mpaka nikachukia. Mambo ya kukukimbiza hospitali usiku huohuo ni homa, wekundu unaotambaa, usaha, damu inayolowesha nguo, mguu mmoja kuvimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kubana. Hayo mawili ya mwisho ni damu iliyoganda, hayasubiri asubuhi.

Swala nilimuuliza mwalimu wa madrasa wa kwetu kwa simu. Damu ya kidonda si hedhi wala nifasi, kwa hiyo swala inaendelea. Maji yakidhuru kuna kutayamamu, kusimama kukishindikana kuna kukaa na kulala, na mwenye mpira wa mkojo anachukua udhu wakati wa kila swala unapoingia. Nilishangaa alivyojibu bila kigugumizi. Kumbe ameulizwa mengi.

Majibu ya maabara yalipotoka, kingo za kile kipande zilikuwa safi na tezi hazikuwa na saratani. Zingekuwa nayo ningepelekwa mionzi, na mionzi kwa wengi wetu ni Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ingawa watu wa kanda ya ziwa wanayo hospitali ya Bugando, Mwanza. Zamani niliogopa sana jina la Ocean Road. Sasa nina marafiki waliotoka pale na wanauza vitumbua.

Mguu ndio ulionishangaza. Tezi za manena zikitolewa, maji ya mwili yanakosa pa kupita. Wa kushoto wangu unavimba jioni, na paja kwa mbele lina ganzi mpaka leo. Nilipotembea mtaani kwetu Tanga kwa mara ya kwanza, jirani akaniita pembeni, "Bibie, matende haya umeyapata wapi wakati dawa tunameza?" Hakukosea sana. Tanga matende tunayajua, dawa za kumeza za kampeni zilianza kwetu 2004, na mhudumu wa afya wa mtaa aliyewahi kufundishwa habari za matende ndiye aliyenifunza kuutunza mguu wangu, kwa sababu ingawa chanzo ni kingine, utunzaji unafanana. Unaosha kila siku kwa sabuni ya kawaida na maji, unakausha katikati ya vidole, unapaka mafuta, kijeraha kidogo kisidharauliwe, hutembei peku, unalala mguu umepandishwa juu ya mto, na unazungusha kifundo mara kwa mara. Jirani nilimwambia ni mishipa. Siku nyingine nitamwambia.

Kazi nilianza kwa mkono: vifungo, mapindo ya madira, nimelala ubavu kwenye mkeka. Cherehani yangu ni ya miguu. Kupiga pedali si kubaya, kifundo kinafanya kazi. Kubaya ni kukaa umekunja manena saa nzima. Kwa hiyo nashona mkono mmoja wa nguo nasimama, kola moja nasimama. Wateja wamezoea. Nguo za shule za Januari mwaka huu nilizigawa nusu kwa fundi mwenzangu.

La chumbani nitasema kidogo. Daktari alituambia wote wawili tusubiri mpaka kidonda kifunge kabisa, kwamba mlango utakuwa umebana, kwamba hisia hazitakuwa zile. Ni kweli zote tatu. Niliomboleza, na sikutegemea kuomboleza kitu hicho kwa umri huu, watu wanadhani bibi hana habari. Somo alikaa na mume wangu barazani kwa muda mrefu jioni moja. Alimwambia nini sijui na sikuuliza. Tumepanga upya mambo yetu. Kilainishi kinauzwa duka la dawa, nami nakinunua mwenyewe nikiwa nimenyoosha shingo.

Kliniki ni kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya mwanzo, halafu inapungua. Katikati ya hapo najitazama kwa kioo mara moja kwa mwezi, kwenye mwanga, na dawa ya kupaka ya ule ugonjwa wa ngozi naendelea nayo kwa sababu ngozi iliyobaki ni ileile.

Gagulo sasa, mliokuwa mnasubiri. Nunua marekani, kile kitambaa cha pamba tupu, si poplini wala kitambaa chenye nailoni. Ifue mara tatu kabla ya kukata, maana inarudi, na haijalainika mpaka ifuliwe. Chukua kipimo cha kiuno, si cha nyonga, na kiuno chenyewe kipande juu kidogo, karibu na kitovu, mkanda usipite kwenye mishono ya manena. Lastiki usitie. Tia kamba na uifungie ubavuni, ili ukilala chali fundo lisikuumize na anayekuosha aifungue kwa mkono mmoja. Upana wa pindo uwe mara mbili ya kiuno au zaidi, urefu chini ya goti. Acha mpasuo mrefu wa mbele, ufunikane kwa upana wa kiganja, hapo utamwagiwa maji bila kuvua. Shona manne uwe nayo ya kubadilisha. Na mishono yote uigeuze nje, isiguse ngozi.